Watoto wa Kwenye Kompyuta ya Karani

Mara ya kwanza nilipomwona karani akipiga picha ya kioo cha kompyuta, nilidhani anatufanyia mchezo. Hakushika kamera. Hakukuwa na mwanga wa kumulika wala mlio wowote. Aligusa kitufe kimoja cha juu, upande wa kulia, akaondoa kidole, na uso wa mtoto ukabaki palepale unatutazama.

"Tayari," akasema.

"Tayari nini?" aliuliza mama mmoja aliyesimama nyuma yangu na beseni lake kichwani.

"Nimeshapiga."

"Umepiga wapi? Picha isiyolia ni picha gani hiyo?"

"Imo tumboni mwa kompyuta, mama. Subiri niitoe."

"Itoe basi kabla haijasagwa."

Tukacheka. Siku zile tulicheka kwa vitu vidogo, maana vikubwa vyote vilikuwa vya kulia. Karani akafungua ukurasa mweupe, kama karatasi ya watoto ya kuchorea, akabandika, na vyote vikatokea pale: uso wa mtoto, kibao cha namba alichokishika kifuani, jina lake, jina la kilima alikotoka, maana kwao kijiji huitwa kilima, hata saa ya kompyuta iliyokuwa kwenye kona, hata ule mshale mdogo uliokuwa umesimama kwenye sikio la mtoto kama nzi. Yule mama wa beseni akanyoosha mkono amfukuze yule nzi. Karani akahifadhi, akaandika jina, akaenda kwa mtoto mwingine.

Hiyo ilikuwa kwenye kambi ya wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto, huku kwetu Ngara, miezi ya mwisho kabla kambi haijafungwa. Ilikuwapo ofisi ya kutafuta ndugu waliopoteana. Watoto walipigwa picha miaka ya mwanzo, walipokuwa wakiingia kama maji, na baadaye sana picha zao zikatiwa kwenye kompyuta, mzazi akija aangalie. Lakini ile programu ilikuwa imefungwa. Ilikuonyesha mtoto, haikukupa. Na ofisi ilikuwa inaondoka, na kompyuta zake zinatiwa kwenye maboksi kupelekwa tusikokujua.

Karani hakupenda jambo hilo. Alikuwa Msukuma, mtu mzima mwenye familia kwao, mwenye sauti ya chini. Alikuwa na kompyuta yake mwenyewe, ya kukunja. Alisema, "Programu siwezi kuichukua. Lakini kilichotokea kwenye kioo kimetokea." Basi akawa anapiga picha za kioo, mtoto mmoja mmoja, anazibeba kwenye flashi kwenda kwenye kompyuta yake.

Mimi nilikuwa pale kwa sababu ya uji. Ni mtu wa Kirushya, kijiji cha huku Ngara, mkulima wa migomba na maharage kama wenzangu wote, lakini miaka mingi ya kambi nilikuwa nikipika uji kwenye nyumba moja ya watoto waliokuja bila watu wao. Wakubwa walitaka tuwaite kwa namba ili foleni iende haraka. Sikuweza. Ukimwita mtoto namba anakuja kuchukua uji kama mbuzi anavyokuja kwa chumvi. Nikawaita majina, na majina yakanikaa. Nilisoma darasa la pili, nikaja kumalizia kusoma na kuandika ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo naandika taratibu. Ila majina ya watoto wale ninayo yote mpaka leo. Hapa siandiki hata moja. Wengine ni watu wazima sasa wenye nyumba zao, hawajaniruhusu. Wengine hawana wa kuombwa ruhusa. Ndiyo maana nitakuwa nasema huyu, na yule.

Karani aliona ninavyowajua, akawa ananiita nikae naye jioni nikishaosha masufuria. Kwenye programu watoto walikuwa kwenye orodha tatu: waliopatikana na ndugu zao, wanaotafutwa, na waliokufa. Alifungua ya kwanza akaimaliza, akafungua ya pili, na ya tatu akaiacha mwisho kabisa. Alisema ile ya tatu alitaka aifanye kwa mara moja tu, asiirudie. Akatengeneza folda tatu kwa majina hayohayo, kila picha akaiweka kwenye folda yake. Ilikuwa kazi safi. Nami nilidhani imekwisha.

Siku ya wanawake kuja kuaga ofisi, mlango ulikuwa wazi na kompyuta yake iko mezani, kioo kinatazama nje. Kati yao alikuwapo aliyejua kusoma. Akasoma kwa sauti: "Waliokufa."

Foleni ikavunjika. Wakajaa mlangoni. Bibi mmoja mkimbizi, mwenye fimbo, aliyekuwa anaheshimiwa na wote, akapita mbele.

"Wewe mwana wa watu," akamwambia karani, "nani amekuletea habari ya kifo mpaka unaitangaza?"

"Sijatangaza, bibi. Ni kompyuta ndiyo imepanga hivyo."

"Kompyuta ni ndugu yake nani?"

Karani akaigeuza kompyuta, kioo kikatazama ukuta.

Nieleze, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani walikuwa wakaidi tu. Kwetu Ngara, na kwao ng'ambo ni hivyohivyo, kifo hakimfikii mama kwanza. Kinapelekwa kwa wazee wa nyumba, wazee wanatafuta wanawake wa kumshika, wanawake wanakwenda kukaa naye kama waliokuja kusalimia, ndipo anaambiwa. Kabla ya hapo aliyekufa haitwi amekufa. Ukiulizwa, unasema anaumwa. Kumweka mtoto kwenye nyumba iliyoandikwa waliokufa, na kwao hawajaambiwa, ni sawa na kumtakia kifo.

"Sasa niwaweke wapi?" akauliza karani.

"Kwao."

"Kwao wapi, bibi?"

"Kwani hawana vilima? Kila mtoto mweke kwenye kilima chake, pamoja na wenzake. Aliye hai na asiye hai wataishi pamoja kama walivyoishi."

Wanawake wakapiga makofi. Karani alikuwa mtu wa heshima, na alikuwa mgeni. Siku zilizofuata akatengeneza folda za vilima, akawa anawaburuta watoto mmoja mmoja kutoka zile folda tatu kuwapeleka makwao. Zile tatu zilipobaki tupu akazifuta. Wanawake walikuja kutazama, wakaridhika. Kwenye picha zenyewe hakukuwa na neno la kusema huyu yu hai au hapana. Hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa ndani wa ile programu, na ukurasa huo hakuupiga. Hakuna aliyefikiria hilo. Kompyuta za ofisi zikafungwa kwenye maboksi, zikaondoka.

Karani hakurudi kwao. Alikwenda Nyakanazi, pale njia zinapokutana, akafungua duka la kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti.

Sasa nimtaje mwenzangu, ambaye habari hii ni yake.

Alikuwa mwanamke wa ng'ambo, rika la binti yangu wa kwanza. Hakukaa kambini. Alikaa kwetu Kirushya, kwenye kibanda nyuma ya migomba yangu, akilima kwa watu. Lugha yetu na yao, ukifumba macho, huwezi kututenganisha, kwa hiyo mtu wa mbali hakujua kama ni mkimbizi. Wakati wa kuvuka mto alikuwa na mgonjwa mgongoni, mama yake mzazi, na mwanawe wa pekee akabebwa na mjomba, kaka yake yeye. Wakavuka makundi mawili. Mama yake alifia huku, wiki hiyohiyo. Kaka yake alikutwa kwenye matete, amekufa. Mtoto hakukutwa.

Mwanzoni alizunguka kambi zote kwa miguu akiuliza. Kisha ikawa mkimbizi anayekutwa nje ya kambi anakamatwa, na mwanamke aliyekuwa akitembea naye alikamatwa akarudishwa ng'ambo, na habari zake hazikuwa nzuri. Tangu hapo akakaa chini. Hakuikaribia kambi tena, na kompyuta ilipokuja hakuiona. Mimi nilimwuliza jina la mtoto tangu siku ya kwanza. Kati ya majina yote niliyokuwa nayo, hilo halikuwamo. Nyumba za watoto zilikuwa nyingi, mimi nilipika kwenye moja.

Miaka ikapita. Kijana wa umri ambao mwanawe angekuwa nao akipita njiani na baiskeli ya ndizi, jembe la mwenzangu linasimama. Hamtazami usoni, anamtazama urefu.

Basi likaja tangazo: wakimbizi wote warudi kwao, wa kambi zilizobaki na wa vijijini. Malori yatakuja. Na kutoka ng'ambo shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, akatuma neno kwa mtu wa sokoni: mashamba ya nyumba yao yanagawanywa, aje na mtoto, au aje aseme mtoto hayupo ili msiba uondolewe na mambo yaishe.

Alikuja jikoni kwangu na neno hilo, akakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Mama," akaniambia, "kama yuko hai upande huu, mimi siondoki, hata wanifunge. Nikiondoka atanitafutia wapi? Na kama hayupo, nirudi nikamlilie kwetu. Hapa katikati nimechoka kukaa."

Nikamwambia, "Karani anazo picha. Twende Nyakanazi."

Kutoka Ngara kwenda Nyakanazi siku zile ilikuwa ni kwa msafara. Magari yalisubiriana, mbele polisi wenye bunduki na nyuma polisi wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi wa porini. Na palikuwa na kizuizi. Nilimfunga kitenge changu kizuri, nikamwambia akiulizwa aniachie mimi.

Askari akachungulia kwenye gari. "Shikamoo bibi. Huyu nani?"

"Marahaba. Huyu nimemzaa."

"Mbona hamfanani?"

"Wewe unafanana na mama yako?"

"Sana."

"Masikini mama yako."

Gari zima likacheka, na askari naye, akapiga ubavu wa gari tupite. Mwenzangu hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wangu, na alama za kucha zake zilinikaa mpaka tulipofika.

Duka la karani lilikuwa kati ya hoteli ya chakula na nyumba ya wageni. Nje malori yanaunguruma, jenereta linaunguruma, inabidi useme kwa nguvu. Alipotuona akainuka.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Chipsi za Nyakanazi, bibi. Mke wangu akija hatanijua."

"Atakujua kwa sauti. Bado unaongea kama unaiba."

Nikamweleza tulichokijia, na uso wake ukabadilika. Akafunga nusu ya mlango, akavuta benchi, akatuweka mbele ya ile kompyuta ya kukunja. Mwenzangu alikuwa hajawahi kukaa karibu na kompyuta. Aliweka mikono chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Kilima gani, mama?"

Akakitaja. Karani akafungua folda ya kilima hicho, na watoto wakajaa kwenye kioo, nyuso ndogondogo kama stempu. Akawa anawakuza mmoja mmoja. Mwenzangu alitikisa kichwa. Si huyu. Si huyu. Huyu ni wa jirani yetu wa chini, huyu mama yake alikuwa mfinyanzi. Si huyu.

Kisha hakutikisa kichwa.

Mtoto alikuwa amevaa sweta la mtu mzima, mikono imekunjwa mara nyingi. Kibao cha namba amekishika kichwa chini. Jina lililoandikwa halikuwa lile nililoambiwa na mama yake; huenda aliyemwandikisha hakumsikia vizuri. Pembeni ya mdomo palikuwa na kitu cheupe, uji au majivu, sijui.

Mwenzangu alitoa mkono chini ya paja, akalamba kidole, akaanza kumfuta mtoto mdomo. Alifuta taratibu, kwenye kioo. Rangi za kioo zikawa zinacheza chini ya kidole chake. Karani akamwacha amalize.

"Sweta la kaka yangu," akasema. "Alivuka. Mama, unaona? Alivuka. Alifika huku."

"Naona."

"Alifika huku mzima. Amesimama mwenyewe."

Hapo alicheka. Miaka yote ya kukaa naye sikuwa nimewahi kumwona meno ya nyuma. Akamgeukia karani. "Sasa yuko wapi?"

Karani aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama vitufe.

"Kaka, nakuuliza. Alipelekwa wapi?"

"Mama, hapa haijaandikwa."

"Haijaandikwa vipi? Si umempiga wewe picha hii?"

Ikabidi amweleze, na lile jenereta likilia nikawa narudia kwa lugha yetu. Kwamba zilikuwapo folda tatu. Kwamba mtoto huyu alikuwa kwenye mojawapo. Kwamba wanawake walikataa, akawapeleka watoto vilimani kwao, na folda zile hazipo, na yeye hakumbuki huyu alitoka ipi, kwa kuwa walikuwa wengi kuliko kichwa chake.

Nilidhani atawalaani wanawake wale. Akasema, "Walikuwa na haki. Hata mimi ningekataa." Akarudisha mikono chini ya mapaja. "Lakini sasa nifanye nini?"

Alikuja mteja akitaka kuchapiwa barua ya kuomba kiwanja. Karani akamwambia arudi kesho. Mteja akalalamika, "Biashara gani hii ya kufukuza watu?" akaondoka akisonya. Karani alibaki ameshika kichwa. Kisha akanyanyuka kwenye kiti, akakaa tena.

"Bibi," akaniambia, "kila picha inabeba saa yake, siku niliyoihifadhi. Nikiwahamisha hawaipotezi. Nikiwatoa wote vilimani nikawapanga kwa saa, watarudi kwenye mstari kama nilivyowapiga. Waliopatikana mwanzo, wanaotafutwa katikati, na wale wengine mwisho."

"Basi wapange."

"Nitawapanga. Lakini sitajua mpaka wa orodha na orodha uko wapi. Hakuna uzio."

"Nionyeshe nyuso," nikasema.

Alizikusanya, akabonyeza, na vilima vyote vikavunjika. Watoto wakapangana upya, mstari mmoja mrefu. Akaanza juu. Mimi nikawa nasema.

"Huyu shangazi yake alikuja kumchukua, akampa viatu pale pale getini. Huyu baba yake alipatikana kambi ya pili. Huyu alipelekwa kwa bibi yake. Huyu na huyu, mapacha, mama yao alizimia tukammwagia maji."

Mwenzangu alisikiliza kila mmoja. Akawa anauliza, "Mama yake alikuwa wa wapi? Viatu vilimtosha?" Nikamjibu. Yalikuwa mambo mazuri kusema. Mwanawe hakuwamo kati ya hao. Tukashuka.

Ikafika sehemu ambayo sikuwa na la kusimulia. Nilitaja majina tu. Huyu sijui alikoishia. Huyu alitoroka, wakasema yuko Bisibo anachunga ng'ombe, sijui kama ni kweli. Huyu sijui. Hapo ndipo nilitaka tumkute. Karani naye alikuwa anashusha polepole, kidole chake kinakaa juu ya kitufe kabla ya kubonyeza. Tukashuka, tukashuka, mwanawe hayumo.

Kisha likaja jina nililolijua vizuri. Mtoto wa kike, mwenye kovu la moto shingoni. Alikuwa wa nyumba yangu. Aliugua wakati wa kipindupindu, wakamchukua hema la wagonjwa, na alipofia huko mimi na mpishi mwingine tulikwenda kumwosha. Nilimtazama kwenye kioo. Sikusema kitu. Karani akapita.

Akaja wa pili. Huyo pia nilimwosha. Karani akapita.

Akaja mtoto wa sweta.

Baada yake akaja mvulana mdogo aliyekuwa anapenda ukoko wa uji, ambaye nilikuwa nikimfichia. Tulimzika siku ya mvua, na shimo likawa linajaa maji tukichota kwa sufuria yangu ya uji. Sufuria ile sikuipikia tena.

Jenereta lilikuwa linalia. Mwenzangu hakuwa anatazama kioo. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama. Umenyamaza."

"Nimechoka kusema, mwanangu."

"Wote umewataja. Hata usiowajua umesema siwajui. Hawa wawili kabla ya mwanangu, na huyu wa baada yake, hujawataja."

Karani akaingilia haraka. "Mama, inawezekana nilichanganya. Siku ya mwisho nilikuwa nimechoka, labda mmoja nilimruka nikamrudia baadaye. Labda wa kwako alikuwa wa folda ya kati nikamsahau…"

"Kaka," akamwambia bila kugeuka, "usinipe labda. Nimekula labda tangu nilipovuka mto." Na kwangu, "Mama, unawajua hawa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema siwajui. Hakuna ambaye angenisuta. Angebaki Kirushya, nyuma ya migomba yangu, akipima vijana urefu, mpaka waje kumbeba kwa nguvu au mpaka azeeke. Na ile desturi yote ya wazee kwanza, na wanawake wa kumshika, haikuwapo pale. Tulikuwa watu watatu na malori nje. Nikajisogeza kwenye benchi mpaka ubavu wangu ukagusa wake. Nikamshika mabega, kama ambavyo angeshikwa kama tungekuwa wengi.

"Nawajua," nikasema. "Nimewaosha mimi."

"Wote watatu?"

"Wote watatu."

Akarudi kutazama kioo. Wakati huo mtoto wa sweta alikuwa ameshapita, alikuwapo yule wa ukoko.

"Mrudishe," akasema. Karani akamrudisha.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nimekaza mikono, lakini mwili wake ulilegea tu kama gunia likikatwa kamba, ukawa mzito. Karani alitoka nje, akasimama jua kali, mgongo kwetu. Baadaye alizima jenereta, tukabaki gizani kidogo mle ndani, na kompyuta ikawaka kwa betri yake mpaka ikazimika yenyewe.

Jioni ile hapakuwa na msafara wa kurudi. Karani alitutafutia chumba kwenye nyumba ya wageni, akatuletea chai na mihogo, hakuna aliyekula. Asubuhi akamwuliza mwenzangu kama anataka picha ichapwe kwenye karatasi. Akasema hapana, ng'ambo atapita vizuizi vingi, wataichukua au italowa. Akamwuliza afanye nini nayo basi.

"Mrudishe kilimani kwetu," akasema. "Nitakuwa huko."

Karani akamrudisha, tukiona. Wale wengine pia, kila mtoto kwake.

Tulipofika Kirushya nilifanya kinyume cha desturi, kwa kuwa ilikuwa imeshaanza kinyume: mama alijua kwanza, ndipo nikaenda kwa wazee. Mume wangu na mzee wa jirani walikuja wakakaa naye, wakamwambia kwa maneno yao kitu alichokijua, na yeye akawasikiliza kama anayeambiwa mara ya kwanza, kwa heshima. Hapo ndipo alilia. Wanawake wa Kirushya walikuja, hata wale waliokuwa wakimwita wa kuja. Walilala naye chini kwenye majani. Aliniuliza kaburi liko wapi. Nikamwambia ni nyuma ya kambi, kwenye mikaratusi, makaburi hayana alama, na kwamba sisi wa jikoni tulikuwa tunawaweka watoto upande wa juu ambako maji hayasimami. Hilo lilikuwa kweli, isipokuwa kwa yule wa siku ya mvua.

Msiba wa kwetu unataka muda kabla ya kuondolewa, lakini malori hayakuwa na muda. Ikabidi vyote vifanyike kwa pamoja. Tulimnyoa. Tulikwenda naye mtoni akaoga, tukaoga sote. Mzee wa jirani alileta pombe ya ndizi kwenye kibuyu, wakapokezana mrija. Na kwa kuwa mwenye msiba hatakiwi kushika jembe, na siku ya kuondoa msiba lazima alishike atie mbegu ardhini, ndipo awe mtu wa kuishi tena, alitaka jembe. Mmoja wa wanawake akasema, "Si atatia mbegu kwao? Hapa anaondoka kesho." Yeye akasema, "Amekufa huku. Nitapanda huku."

Nikampa maharage kiganja kimoja. Alilima kipande kidogo pembeni ya kibanda chake, akapanda kwa mstari, akafukia kwa mguu.

Lori lilikuja asubuhi. Alipanda na mfuko mmoja na godoro lililoviringishwa, kichwa chake kimenyolewa, na askari aliyekuwa akiandika hakumwuliza kitu. Sijamwona tena.

Maharage yalishika, kwa sababu mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Niliyapalilia. Yalipokauka niliyang'oa, nikayapiga, nikayapepeta, yakawa bakuli moja. Sikuyaweka mbegu, maana msiba hauondolewi mara mbili. Nikayapika na chumvi, nikayala peke yangu, yakaisha.